Kifo cha Bob Sheldon: shauri ambalo halikusikilizwa katika riwaya ya The Outsiders

Riwaya ya The Outsiders ya mwandishi wa Kimarekani S.E. Hinton, iliyotoka mwaka 1967, ina sura 12, na mauaji yanayoibeba yanatokea katika sura ya 4. Sehemu kubwa ya kitabu, basi, inahusu yaliyofuata baada ya kijana mmoja kumchoma kisu mwenzake usiku wa manane, ingawa wengi hukisimulia kana kwamba ni hadithi ya ugomvi wa mitaa miwili tu. Ukimuuliza msomaji aliyekimaliza juzi nani hatimaye alihukumiwa kwa kifo cha Bob Sheldon, atasita kabla ya kujibu, na ana haki ya kusita, kwa sababu hakuna aliyehukumiwa. Mtuhumiwa anakufa hospitalini kabla ya kufikishwa mbele ya jaji, shahidi wake mkuu anachanganyikiwa, na kikao cha mahakama kinachokuja mwishoni kinashughulikia jambo jingine. Shauri lile, kwa kukosa kusikilizwa mahali pake, liligawanyika likaenda kusikilizwa kwingine: gazetini, ndani ya gari la mtoto wa tajiri, uwanjani kwenye ngumi, na katika kichwa cha mvulana wa miaka 14.

Makundi yenyewe yanaeleweka upesi. Greasers ni vijana wa upande wa mashariki wa mji, maskini, wenye nywele ndefu zilizopakwa mafuta; Socs ni watoto wa matajiri wa upande wa magharibi, wenye magari na mashati ya gharama. Mji haukutajwa kwa jina, lakini Hinton, aliyekulia Tulsa katika jimbo la Oklahoma, amekiri kwamba aliandika kuhusu vijana wa kwao, na kwamba alianza baada ya rafiki yake kupigwa akirudi nyumbani kutoka sinema. Alikuwa na miaka 15 alipoanza kuandika na 18 kitabu kilipochapishwa.

Msimulizi ni Ponyboy Curtis, mwenye miaka 14, anayeishi na kaka zake wawili tangu wazazi wao walipokufa katika ajali ya gari. Darry, mwenye miaka 20, ndiye mlezi, na anaezeka mapaa ili wenzake wale. Sodapop ameacha shule na anafanya kazi katika kituo cha mafuta. Usiku wa tukio, Ponyboy anachelewa kurudi, Darry anampiga kofi, naye anatoka mbio akamfuate rafiki yake Johnny Cade, mwenye miaka 16, ambaye kwao hupigwa na baba na kupuuzwa na mama. Wawili hao wanaelekea kwenye bustani ya umma. Gari la bluu aina ya Mustang linasimama, wanashuka Socs watano waliolewa, na miongoni mwao yuko Bob, ambaye mapema jioni ile mpenzi wake, Cherry Valance, alikuwa amekaa na Greasers kwenye sinema kwa sababu hakutaka kukaa na mlevi. Mmoja wao anamkamata Ponyboy na kukizamisha kichwa chake katika bwawa la chemchemi. Ponyboy anapoteza fahamu. Anapozinduka amelala kwenye sakafu ya saruji, Johnny ameketi kando yake na kisu mkononi, na Bob amelala hatua chache pembeni, amekufa.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji hulipita haraka mno: msimulizi hakuyaona mauaji. Tukio lenyewe limeangukia katika dakika ambayo yeye hakuwa na fahamu, na yote anayoyajua ameyasikia kutoka kwa Johnny, ambaye anamwambia kwamba alilazimika kufanya hivyo kwa kuwa walikuwa wanamzamisha. Mashahidi wengine wa macho ni Socs wanne waliokimbia. Shauri zima, kwa hiyo, linategemea maneno ya muuaji na maneno ya marafiki wa marehemu, na hilo ndilo linalofanya uamuzi wa Randy, rafiki mkubwa wa Bob, wa kutoa maelezo mahakamani kuwa mzito kuliko unavyoonekana unapousoma mara ya kwanza.

Kisheria, utetezi wa Johnny unajengwa kwa urahisi. Sheria za Marekani, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, humruhusu mtu kutumia nguvu ya kuua pale anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba maisha yake au ya mtu mwingine yako hatarini wakati huohuo na hana njia nyingine. Watano dhidi ya wawili, saa nane na nusu ya usiku, na kichwa cha mtoto kikiwa chini ya maji: hayo yanatosha kwa mtetezi yeyote. Lakini upande wa mashtaka nao ungekuwa na la kusema. Johnny anadai kwamba Socs walikuwa na kisu, lakini hilo tunalijua kwa maneno yake tu. Johnny alikuwa na kisu cha kufyatua chenye urefu wa inchi sita, alichoanza kukibeba miezi minne kabla, baada ya Socs kumpiga vibaya kwenye kiwanja kitupu na kumwacha na jeraha shavuni, jeraha la pete ambazo mmoja wao alizivaa vidoleni. Tangu siku ile kila mtu katika kundi lake alijua kwamba mtu wa kwanza atakayemvamia tena, angekitumia kisu hicho. Kauli ya namna hiyo mdomoni mwa mtu mwenye hofu ni kilio cha kuomba aachwe salama. Mdomoni mwa mwendesha mashtaka inageuka kuwa nia ya kuua iliyotangazwa mapema. Na pete zile zilikuwa za Bob. Johnny alimchoma mtu yuleyule aliyempasua uso, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika, pengine hata yeye mwenyewe, ni kiasi gani cha mkono ule kiliongozwa na Ponyboy aliyekuwa akizama na ni kiasi gani kiliongozwa na lile jeraha.

Hinton hakuufungua mjadala huo moja kwa moja. Aliweka vitu vyote viwili mezani, pete na maji, kisha akawafanya wavulana watoroke, na kutoroka kunaharibu utetezi. Mahakama huweza kukuchukua kukimbia kwa mtuhumiwa kuwa dalili ya kujua kosa lake. Wanamwendea Dallas Winston, Greaser mzoefu wa jela kuliko wote, naye bila kuuliza mengi anawapa dola 50, bastola yenye risasi na maelekezo ya kudandia treni ya mizigo hadi sehemu za mashambani, wakajifiche katika kanisa lililoachwa juu ya mlima. Polisi wanapomhoji, Dallas anawaelekeza kwamba wavulana wameelekea Texas. Kwa lugha ya sheria amekuwa msaidizi wa mkosaji baada ya kosa. Kwa desturi ya mtaa wake ametimiza wajibu wa rafiki. Kitabu hakimlaumu, lakini madhara ya msaada wake yanaonekana dhahiri: wavulana waliokuwa na hoja nzuri ya kujihami sasa wana hela za kutorokea, silaha, na siku kadhaa za kujificha za kuzieleza.

Siku za kanisani ndizo zilizopendwa na walimu wa fasihi, na si vigumu kuona kwa nini: kuna machweo, kuna mapambazuko, kuna shairi la Robert Frost na nakala ya Gone with the Wind inayosomwa kwa sauti. Ninachotaka kionekane hapo ni kitu kikavu zaidi. Johnny, ambaye ni mwoga kuliko wote katika kundi, ndiye anayeamua kurudi kujisalimisha. Dallas anapokuja kuwatembelea na kuwaeleza kwamba Cherry yuko tayari kutoa ushahidi kuwa Bob alikuwa amelewa na kwamba wavulana walijihami, Johnny anapiga hesabu zake: hana rekodi ya makosa, alikuwa anajihami, na Ponyboy ana kaka wanaoumia kwa kutojua alipo. Kisha anauliza kama wazazi wake mwenyewe wamemuulizia. Dallas anakwepa, Johnny anarudia swali, na jibu ni kwamba hawakuuliza. Dallas anakasirika, anamsihi asirudi, na katika ghadhabu ile anatoa sababu ambayo kwa kawaida asingeitamka, kwamba hataki jela imfanyie Johnny kile ilichomfanyia yeye. Ni mazungumzo mafupi ndani ya gari, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko hata ule moto unaofuata.

Moto wenyewe ni tata kwa namna yake. Wanaporudi wanakuta kanisa linawaka na watoto wa shule waliokuja matembezi wamenaswa ndani. Ponyboy na Johnny wanaingia kuwatoa, wakijua kwamba huenda sigara zao ndizo zilizoanzisha moto ule. Boriti linamwangukia Johnny na kumvunja mgongo. Wasomaji hupenda kuuona moto kama malipo yanayofuta damu, mtu aliyetoa roho moja akiokoa nyingine kadhaa, na magazeti ndani ya riwaya yanausoma hivyohivyo: wahuni wamegeuka mashujaa. Mizani hiyo ina kasoro, kwa kuwa watoto wale hawakuwa na uhusiano wowote na Bob, na mama yake Bob hawezi kufarijiwa kwa kusikia kwamba watoto wa mtu mwingine wamepona. Habari hiyohiyo ya gazeti inayowasifu inataja kwamba Johnny anashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na kwamba ndugu watatu wa Curtis wanaweza kutenganishwa, wadogo wapelekwe kwenye makao ya watoto. Mahakama ya kwanza iliyoketi juu ya kifo cha Bob, basi, ni gazeti, na hukumu yake ni ya huruma kwa sababu ya tendo lisilohusiana na shtaka.

Mahakama ya pili inaketi ndani ya gari. Randy anamwita Ponyboy pembeni na kumweleza mambo ambayo Greaser hakuwahi kutegemea kuyasikia: kwamba Bob alikuwa rafiki yake wa dhati, kwamba wazazi wa Bob walimdekeza kupita kiasi na kujilaumu wao kila alipokosea, na kwamba maisha yake yote Bob alikuwa akitafuta mtu mmoja wa kumwambia hapana. Randy amechoka, hatakwenda kwenye pambano linalopangwa, kwa sababu haoni kitakachobadilika hata kama Greasers watashinda. Huu ndio ushahidi wa karibu zaidi tunaoupata kuhusu marehemu, nao haumsafishi wala haumchafui. Cherry anaongeza upande wake: yuko tayari kusema ukweli kuhusu pombe, anawapelekea Greasers habari za mipango ya Socs, lakini anakataa kwenda kumwona Johnny hospitalini, kwa sababu ni Johnny aliyemuua Bob, na Bob asiye mlevi alikuwa mtu aliyempenda. Ponyboy anamkasirikia hapohapo. Nadhani Cherry ana haki kuliko Ponyboy anavyompa. Mtu anaweza kutoa ushahidi unaomsaidia muuaji bila kuwa na deni la kumshika mkono.

Pambano la makundi ni mahakama ya tatu, yenye taratibu zake zilizokubaliwa na pande zote: hakuna silaha, na Socs wakishindwa watabaki upande wao wa mji. Linaanza kwa Darry kusimama mbele ya Paul Holden, ambaye zamani walicheza pamoja katika timu ya mpira ya shule. Wanazungukana kimya, wakijuana vizuri sana, mmoja akiwa ameenda chuo kikuu na mwingine akiwa amebaki kubeba vifaa vya kuezekea mapaa, kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa. Greasers wanashinda. Ponyboy na Dallas wanakimbilia hospitalini na habari ya ushindi, na Johnny, akiwa katika dakika zake za mwisho, anawajibu kwamba kupigana hakuna faida. Ile hukumu ya ngumi iliyotakiwa kumaliza mambo inakataliwa na yule ambaye ilipiganwa kwa ajili yake.

Johnny anafariki, na usiku huohuo Dallas anaiba dukani, anawaelekezea polisi bastola isiyo na risasi, na wanampiga risasi. Ponyboy anasema wazi kwamba Dallas alitaka kufa. Vifo viwili vinaongezwa juu ya cha kwanza ndani ya saa chache, na kuna kitu ambacho msomaji aliyezoea misiba yetu atakigundua kabla ya mwingine: hakuna mazishi hata moja yanayosimuliwa. Bob hazikwi mbele yetu, wala Johnny, wala Dallas. Msimulizi ameanguka kwa homa na mtikisiko wa ubongo, na anapoamka siku zimekwisha kupita. Hakuna kilio cha pamoja, hakuna siku ambayo watu waliofiwa wanakaa wakatazamana, na labda ndiyo sababu kila mmoja anabaki na msiba wake peke yake hadi mwisho wa kitabu.

Kinachotokea kichwani mwa Ponyboy baada ya hapo ndicho sehemu ngumu kuliko zote. Randy anapomtembelea kitandani kuzungumzia kikao cha mahakama, Ponyboy anamwambia kwa utulivu kwamba yeye, na si Johnny, ndiye aliyekuwa na kisu na ndiye aliyemuua Bob. Na kwamba Johnny hajafa. Darry anamwomba Randy aondoke. Tunaweza kulieleza hilo kitabibu, kwa kuwa kichwa kiliumia, lakini lina mantiki yake pia. Kisu kilitolewa kwa ajili yake. Kama asingetoka nyumbani kwa hasira, wasingekuwa bustanini. Kwa kuwa hakukiona kitendo chenyewe, nafasi ile tupu katika kumbukumbu inaweza kujazwa na chochote, na yeye anaijaza na hatia yake mwenyewe, jambo ambalo kwa wakati huo ni rahisi kulibeba kuliko kukubali kwamba rafiki yake aliua kwa sababu yake kisha akafa.

Siku ya kikao inafika. Randy, Cherry na wengine wanatoa maelezo, na wote wanamtaja Johnny kuwa ndiye aliyemuua Bob. Ponyboy anangoja zamu yake ili alisahihishe jambo hilo. Zamu haifiki. Jaji, ambaye daktari amekwisha kuzungumza naye, anamuuliza kuhusu shule na kama anapenda kuishi na kaka yake, anamwachia huru, na shauri linafungwa. Ndugu watatu wanabaki pamoja. Filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1983 ilikiacha kikao hicho nje kabisa, hadi kiliporudishwa katika toleo refu la mwaka 2005, na waliotazama lile la kwanza wanaweza kusamehewa wakidhani kwamba serikali haikuhusika na lolote.

Upole wa jaji yule una tarehe yake. Mahakama za watoto za Marekani wakati ule ziliendeshwa kwa wazo kwamba serikali ni mzazi na jaji ni mlezi, hivyo taratibu kali za kesi za watu wazima hazikuhitajika. Wazo hilo lilimsaidia Ponyboy, lakini liliwaumiza wengine. Mwaka 1964 huko Arizona mvulana wa miaka 15, Gerald Gault, alituhumiwa kumpigia jirani simu ya matusi ya aibu, akapelekwa kwenye shule ya adabu ambako angeweza kukaa hadi afikishe miaka 21, ilhali mtu mzima kwa kosa hilohilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50 au kufungwa miezi miwili. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua tarehe 15 Mei 1967, wiki chache tu baada ya riwaya kutoka, kwamba mtoto naye ana haki ya kujulishwa shtaka, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi na kutolazimishwa kujishtaki mwenyewe. Johnny angekuwa katika hali mbaya zaidi. Sheria ya Oklahoma ya miaka ile ilimhesabu mvulana kuwa mtoto mpaka anapotimiza miaka 16 tu, huku msichana akihesabiwa hivyo mpaka 18, na tofauti hiyo haikutenguliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho hadi mwaka 1972. Tukiuchukua mji wa riwaya kuwa Tulsa, Johnny angesimama mbele ya mahakama ya watu wazima. Kifo chake kinaiepusha hadithi na swali hilo, na sina hakika kama ni wema au ni ukwepaji.

Shauri kufungwa hakumalizi kitu nyumbani. Alama za Ponyboy shuleni zinashuka. Socs wanapomchokoza dukani, anavunja chupa na kuwatishia kwa kipande chake bila kutetemeka, jambo ambalo linamtisha rafiki yake Two-Bit, anayeona Dallas mwingine akichipuka. Kisha Ponyboy anainama kuokota vioo barabarani ili visitoboe tairi la mtu, na Two-Bit anatulia. Sodapop, ambaye siku zote alikuwa mpatanishi, anashindwa kuvumilia ugomvi wa kaka na mdogo wake na kukimbia nje akilia. Haya yote ni matokeo ya kisu kile, ingawa hakuna hata moja lingeweza kuandikwa katika hati ya mashtaka.

Mwalimu wa Kiingereza anampa Ponyboy nafasi ya mwisho ya kufaulu: aandike insha nzuri juu ya jambo lolote. Anapata barua ya Johnny ndani ya kile kitabu walichokisoma kanisani, ikisema kwamba kuwaokoa watoto wale kulistahili gharama yake, na anaamua kuandika yaliyotokea. Insha hiyo ndiyo riwaya tunayoisoma. Kwa maneno mengine, ushahidi ambao jaji hakuuomba unawasilishwa kwa mwalimu ili apewe alama, na msomaji anawekwa kwenye kiti cha baraza la wazee wa mahakama. Ni ushahidi wenye nguvu, lakini ni wa rafiki wa mshtakiwa, aliyekuwa amezimia wakati wa tendo, na ambaye kwa siku kadhaa alishikilia kwamba muuaji ni yeye. Randy angeandika insha tofauti. Mama yake Bob, ambaye katika sura zote 12 hasemi neno hata moja, angeandika nyingine kabisa.